DVD za All-American Girl: nimetazama sehemu zote 19, na bibi pembeni

Kasha la DVD lilinifikia hapa Tanga likiwa limeviringishwa kwenye khanga ndani ya begi la dada yangu, alipokuja likizo kutoka Marekani. Alilikuta kwenye duka la vitu vya mitumba akalibeba, maana ananijua. Mchekeshaji akinigusa, situlii mpaka nijue alikotokea. Margaret Cho, mchekeshaji wa Marekani mwenye asili ya Kikorea, nimekuwa nikimtazama mtandaoni kwa vipande, miaka na miaka, akiwa peke yake jukwaani na maikrofoni yake, akimwigiza mama yake mzazi mpaka unamwona mama mwenyewe amesimama pale. Nilijua kwamba zamani alipewa kipindi chake cha vichekesho kwenye televisheni, hiki All-American Girl, na kwamba hakikumaliza mwaka. Kukiona, sikuwahi. Sasa nimekiona chote, na naandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama akitafute au aachane nacho.

Nianze na deki, kwa sababu hapo ndipo wengi watakwama. DVD za Marekani hutengenezwa kwa ajili ya ukanda namba 1. Sisi, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, tuko ukanda namba 5. Niliweka diski ya kwanza kwenye deki ya sebuleni, ikazunguka, ikakwaruza, ikaandika kwenye skrini kwamba ukanda sio, ikaitema. Zipo deki za bei nafuu zinazocheza diski za kanda zote, ila yetu si mojawapo. Kilichonisaidia ni laptopu ya zamani yenye tundu la diski na programu ya VLC, nikaiunganisha na televisheni kwa waya. Tahadhari moja: kompyuta ikikuomba ubadilishe namba ya ukanda, usibonyeze tu kukubali. Kwa kawaida inakupa nafasi tano, ya tano ikiisha inabaki palepale daima. Mimi nilikataa, VLC ikacheza bila shida. Picha ni ya miaka ya tisini, ya mraba, rangi zimepauka kidogo, sauti iko safi.

Kipindi chenyewe kilianza kuonyeshwa kwenye ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, Septemba 1994, na sehemu ya mwisho ikatoka Machi 1995. Cho alikuwa na miaka 25. Anaigiza binti anayeitwa Margaret Kim, wa San Francisco, anayeuza vipodozi kwenye duka kubwa na bado anaishi kwao. Baba na mama wana duka la vitabu, jambo lililotoka kwenye maisha yake halisi, kwani wazazi wa Cho kweli walikuwa na duka la vitabu mjini humo. Kaka yake, Stuart, ni daktari na mtoto wa kupigiwa mfano. Mama anataka binti aolewe na kijana wa Kikorea mwenye kazi ya maana. Binti anataka kutoka na amtakaye, na katika sehemu ya kwanza kabisa amtakaye ni fundi magari Mzungu. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ambayo mchumba lazima ajulikane ukoo wake na kwao ni wapi, hahitaji kuelezwa kitu.

Nyumbani humo kuna bibi pia. Anaitwa Yung-hee, ameigizwa na Amy Hill, na huyu ndiye aliyeniuzia kasha zima.

Bibi yangu mzaa mama hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Jioni ile ya kwanza alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele, wala hakuwa na habari na televisheni. Mara akaingia Yung-hee, na nguo zake ambazo hazikuchaguliwa zifanane, na uso usio na wasiwasi na mtu, akasema neno lake moja na kwenda zake. Bibi akaacha kuchambua. Vidole vilibaki juu ya mchele, macho kwenye skrini. Akaniuliza, "Huyo naye mama wa nani?" Nikamwambia ni mama yake baba mwenye nyumba, anapenda televisheni kupita kiasi. Akasema, "Basi ana haki yake," akasogeza mkeka karibu. Tangu hapo kila Yung-hee alipotokea bibi alicheka kabla sijamtafsiria. Amy Hill ana namna ya kusubiri. Anaacha wenzake wamalize kelele zao, anahesabu kimoyomoyo, kisha anageuza kichwa tu. Kicheko kinatoka kwenye shingo. Hilo halihitaji lugha, na nimelithibitisha kwa macho yangu kwa bibi wa miaka zaidi ya themanini.

Upande wa Cho mwenyewe ndiko nilikoumia. Yule ninayemjua jukwaani hatabiriki. Anaanza na jambo la jikoni kwao, sauti inapanda, uso unajikunja, anakuwa mama, anarudi kuwa yeye, na wewe umeshaishiwa pumzi. Kwenye kipindi hiki anasimama katikati ya sebule na kusema maneno yaliyopangwa yapate kicheko kila baada ya sekunde kadhaa. Anayasema kwa adabu. Unaona kabisa kwamba maneno si yake. Kipindi kinatangaza kwamba kimetokana na vichekesho vyake vya jukwaani, lakini aliyekibuni ni Gary Jacobs, na yule mama, ambaye ndiye roho ya kazi ya Cho, amepewa Jodi Long. Jodi Long ni mwigizaji mzuri, sina neno naye. Ila mama aliyeandikiwa ni mkali wa kawaida, mama wa kwenye tamthilia yoyote, wakati mama wa jukwaani wa Cho ana mambo ambayo hukuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Wamemchukua binti aliyepata jina kwa kumwigiza mama yake, wakamkataza kumwigiza mama yake.

Kuna sehemu Margaret anajaribu kujifanya binti mtiifu, macho chini, sauti ndogo, ili ampendeze kijana wa Kikorea. Niliitazama mara mbili. Hapo Cho anaamka. Anapoigiza kwamba anaigiza, mwili wake wote unakumbuka kazi yake, na kwa dakika chache unamwona yule wa jukwaani. Kisha hadithi inarudi kwenye reli na anazimika tena.

Cho ameyasimulia yaliyompata nyuma ya kamera, hasa katika onyesho lake la jukwaani la mwaka 1999, I'm the One That I Want, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujaanza kumhukumu. Anasema wakubwa wa kipindi walimwambia uso wake ni mpana mno kwa skrini. Akajinyima chakula, akapungua karibu kilo 14 kwa wiki mbili, figo zikagoma. Anasimulia pia kwamba waliona hana Uasia wa kutosha, wakamletea mshauri wa kumfundisha kuwa Mwasia. Mtoto wa Wakorea, aliyezaliwa na kulelewa na Wakorea! Wakati huohuo, kati ya waigizaji wakuu wa ile familia, Mkorea alikuwa yeye peke yake. B.D. Wong, anayemwigiza Stuart, ana asili ya Kichina. Clyde Kusatsu, baba, ana asili ya Kijapani. Hata kipenzi chetu Amy Hill mama yake ni Mjapani na baba yake ana asili ya Kifini. Wakorea wengi wa Marekani walikitazama kipindi na kulalamika kwamba lafudhi zile si zao na nyumba ile si yao. Nawaelewa. Mtu akiigiza Mtanga kwa kuvuta maneno tu, sisi tunajua kabla hajamaliza sentensi.

Hapa niseme langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nitazame sehemu zote 19 badala ya kuacha kwenye ya tano. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wawili tulipeleka vichekesho vyetu kwenye kituo kimoja cha redio. Tuliitwa, tukasikilizwa, watu wakacheka mle studio. Kisha tukaambiwa vizuri sana, ila punguzeni Kitanga, wasikilizaji wa mikoani hawatawaelewa. Tukapunguza. Tukarudi. Tukaambiwa sasa imepooza, mlikuwa wazuri zaidi mwanzo, lakini ule mwanzo hatuutaki. Hatukurudi mara ya tatu. Na huu ni mji uliompa Tanzania Mzee Majuto, mtu aliyechekesha nchi nzima mpaka alipofariki mwaka 2018, na hakuna mkoa uliomhitajia mkalimani. Nilipokuwa namtazama Cho anasema maneno ya kupewa, nilikuwa najua tumbo lake linavyojisikia.

Katikati ya kasha kuna mambo ya kuburudisha. Oprah Winfrey anatokea katika sehemu moja akiwa yeye mwenyewe. Quentin Tarantino anatokea katika nyingine, iliyotengenezwa kwa kuitania filamu yake Pulp Fiction iliyokuwa imetoka mwaka 1994 na bado ya moto. Anaongea kwa kasi kama kawaida yake, kuigiza si kazi yake kubwa, lakini kuna uchangamfu ambao sehemu nyingine hazina. Kama una muda wa jioni moja tu, tazama ya kwanza, tazama hiyo, tazama ya mwisho.

Ya mwisho inahitaji maelezo. Kipindi kilipokuwa kinayumba waliamua kukigeuza, wakatengeneza sehemu moja ya majaribio ya kipindi kipya kabisa. Margaret amehama kwao, anapanga na vijana watatu wa kiume. Baba hayupo. Mama hayupo. Stuart na mdogo wao wa kiume hawapo, duka la vitabu halipo. Aliyebaki ni Yung-hee peke yake, anayekuja kutembea. Mmoja wa wale vijana ni Diedrich Bader, ambaye mwaka huohuo wa 1995 aliingia kwenye kipindi kipya cha ABC cha mchekeshaji mwingine wa jukwaani, Drew Carey, na hicho kikadumu miaka tisa. Cho hakupewa nafasi ya pili.

Bibi aliitazama sehemu ile kimya. Ilipofika nusu akaniuliza, "Mke mwenzangu, wenziwe wamekwenda wapi? Mama yake kafa?" Nikasema hapana, hajafa. "Basi mbona hawamtaji?" Nilitaka kumweleza habari za wakubwa wa televisheni, takwimu za watazamaji, na kuandika upya, nikaona kwa Kiswahili chetu cha nyumbani haielezeki. Watu walikuwa wakiishi nyumba moja wiki iliyopita, leo hawapo na hakuna msiba. Nikamwambia tu kwamba wenye kipindi waliwaondoa. Akatikisa kichwa, akasema, "Bora wamemwacha bibi."

Kuna jambo lingine linalonifanya nikithamini kipindi hiki licha ya ubovu wake. Kabla yake, mwaka 1976, ABC hiyohiyo ilimpa Pat Morita, naye mchekeshaji wa jukwaani, kipindi kilichoitwa Mr. T and Tina. Zilionyeshwa sehemu tano, kikafutwa. Ikapita miaka 18 ndipo Cho akapata nafasi. Chake kilipokufa, ABC haikuweka tena familia ya Kiasia katikati ya kipindi cha vichekesho mpaka Februari 2015, ilipokuja Fresh Off the Boat. Miaka 20. Mtoto aliyezaliwa siku kipindi cha Cho kinafutwa alikuwa mtu mzima. Wachekeshaji wa jamii nyingine hufutiwa vipindi kila mwaka na hakuna anayesema basi jamii yao haichekeshi. Cho alibebeshwa mzigo wa watu wote kwa sehemu 19 ambazo hakuziandika yeye.

Kuhusu kasha lenyewe: ni toleo la kampuni ya Shout! Factory la mwaka 2006, lina diski nne. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani yake ni sauti ya Cho na Amy Hill wakizungumza juu ya picha katika baadhi ya sehemu, miaka kumi na zaidi baada ya mambo kwisha. Humo ndimo nilimpata Cho wangu. Anacheka, anakatisha, anapanda na kushuka, na Amy Hill anasubiri kama Yung-hee kisha anatupa neno lake. Kiingereza chao ni cha haraka, nami ilinibidi nirudishe nyuma mara kwa mara. Usinunue kwa bei kubwa ya wakusanyaji. Mtumba unatosha, ila kagua diski zote nne kwenye mwanga kwanza. Ya tatu yangu ilikuwa na mkwaruzo uliogandisha picha mara mbili, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni ikapita. Na kama unatafuta kicheko cha kuvunja mbavu tangu mwanzo hadi mwisho, anza na maonyesho yake ya jukwaani, hiki kiweke baadaye.

Rafiki yangu mmoja wa lile kundi letu la redio ameniomba kasha, na nimempa diski tatu. Ya kwanza bibi amekataa isitoke nyumbani. Imekaa juu ya kabati lake, pamoja na miwani.