Ruta ya nyumbani Mwanza: ipi inunuliwe kwanza

Usivutwe na AC1200 au AX1500 iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hiyo ni jumla ya kasi za bendi zote (masafa ya mawimbi ambayo ruta hurushia mtandao) zikikokotolewa kinadharia, na hakuna simu moja inayoifikia. Kifurushi chako cha intaneti kikiwa cha megabiti 20 kwa sekunde, hutapata zaidi ya hizo hata ruta iwe ya bei gani.

Tazama bendi. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri, lakini ina chaneli, yaani njia ndani ya bendi, tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Mabatini na Igogo, ambako nyumba zimebanana mlimani, ruta za majirani hugombania hizohizo. Gigahezi 5 ina nafasi na kasi zaidi, ila kila ukuta wa tofali za saruji unaipunguza nguvu. Jiwe kubwa likiwa katikati, isahau. Kwa hiyo tafuta yenye bendi zote mbili.

1. Wi-Fi 6 ya bendi mbili (namba ni kizazi cha Wi-Fi; kubwa ndiyo mpya zaidi). Hii ndiyo ninayowasisitizia watu. Imeboresha hata gigahezi 2.4, na inahudumia vifaa vingi kwa pamoja, jambo kubwa kwenye nyumba yenye wapangaji. Simu za zamani nazo zinaunganishwa bila shida.

2. Wi-Fi 5. Familia ndogo inatosheka nayo. Jua tu kwamba kizazi hiki ni cha gigahezi 5 pekee. Upande wa 2.4 wa ruta hiyo kwa kawaida ni Wi-Fi 4, teknolojia ya 2009. Kagua na matundu ya kebo, kwani kwenye ruta nyingi za bei ya chini yanaishia megabiti 100.

3. Wi-Fi 4 ya bendi moja. Chumba kimoja Ukerewe, majirani wakiwa mbali, sawa. Mjini hapana.

4. Wi-Fi 7. Vyeti vyake vilianza kutolewa Januari 2024. Ni nzuri kweli, lakini bila simu ya kizazi hicho hutaifaidi. Hela hiyo inunue Wi-Fi 6 pamoja na kifaa cha pili cha kusambazia mtandao chumba cha mwisho.

Muuzaji akikwambia ruta ni "ya 5G", muulize: ni gigahezi 5, au inaingia laini ya simu ya kizazi cha tano? Bei zake hazilingani kabisa. Soma pia volti kwenye adapta kabla hujaondoka dukani, maana betri ya akiba ya kutumia umeme ukikatika lazima ilingane nayo.