Miaka minne ya bweni, miwili ya kutwa: uzoefu wangu na shule moja ya binafsi Tanga

Wanangu wawili wamepita shule moja hapa Tanga, upande wa Pongwe. Ni ya binafsi, kutwa na bweni, kuanzia msingi hadi kidato cha nne. Binti aliingia kidato cha kwanza 2021 akamaliza 2024, mdogo wake bado yupo. Jina la shule silitaji kwa sababu nina malalamiko, na aliyekosea alishaniomba radhi.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: tangu 2016 sekondari za serikali hazina ada hadi kidato cha nne, wewe unalipa ya nini? Mume wangu anaendesha lori, wiki nzima hayupo. Mimi nauza vitenge, mara Horohoro mpakani, mara Dar. Nyumbani anabaki mama mkwe, na miguu yake haimpi nafasi ya kumfuatilia binti wa miaka kumi na minne. Nilichokuwa nakilipia hasa ni jioni.

Mwasisi wa shule ni mwalimu mstaafu, na kwenye mkutano wa wazazi hachoki kutusimulia. Tanga ni mji wa shule tangu zamani: Wajerumani walifungua hapa shule ya serikali miaka ya 1890, na misheni zilikuwa na bweni zao huko Magila. Sheria ya elimu ya 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa serikali, na kwa miaka mingi mtu binafsi hakuwa na nafasi kubwa ya kuanzisha yake. Sera ya elimu ya 1995 ndiyo iliyowafungulia mlango watu kama yeye. Alianza na vyumba viwili vya darasa na jiko la makuti. Ile rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, inayogongwa kwa chuma badala ya kengele, ni ya tangu siku hizo. Kengele ya umeme ipo, ila watoto hawaiamini.

Kuhusu bweni nitasema kwa urefu, maana ndipo pesa inapokwenda. Siku ya kuripoti tulibeba tranka, godoro, ndoo mbili na shuka za rangi waliyotaka. Ndoo niliziandika jina kwa rangi ya kucha, kwa sababu maandishi ya kalamu hufutika wiki ya kwanza. Chakula ni kile kile cha shule zote, uji asubuhi, makande, ugali maharage, wali Jumapili. Binti alilalamika mwezi mmoja akazoea. Kilichonigusa ni Ramadhani. Matroni mwenyewe huamka saa tisa usiku, akapita na tochi kitanda kwa kitanda, anaamsha wanaofunga tu, kwa kuwagusa bega, wengine waendelee kulala. Daku inaliwa ya moto. Matroni huyo ni Mkristo. Mwanangu aliponisimulia, nilimtafuta nikamshukuru, akaniambia, "Mama Zuhura, hawa wote nimeshawazoea kama wangu."

Prepu, yaani muda wa kujisomea, ni saa moja hadi saa tatu usiku, mwalimu wa zamu yumo darasani kweli, nimewahi kufika bila taarifa nikamkuta. Hesabu za binti zilipandia hapo. Baraza la Mitihani lilishaacha kutangaza shule kumi bora, kwa hiyo mzazi anayetafuta shule afike mwenyewe aone mambo kama hayo.

Sasa malalamiko. Kidato cha pili binti aliugua Jumatatu, mimi nikapigiwa Alhamisi. Siku tatu anapewa panadol! Nilimkimbiza hospitali ya Bombo, akapimwa, malaria. Nililia mbele ya mkuu wa shule na sioni aibu kusema. Baada ya hapo waliweka daftari la wagonjwa, na mzazi anapigiwa siku hiyo hiyo mtoto anapolala chumba cha wagonjwa. Mwaka uliofuata alipata mafua tu, simu ikaja kabla ya adhuhuri. Jambo la pili ni michango ya kambi ya masomo wakati wa likizo, ambayo haimo kwenye karatasi ya ada. Ulizeni mapema, iandikwe.

Mdogo wake naye nilimweka bweni akiwa darasa la tatu. Machi 2023 serikali ikapiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, tukarudishiwa mtoto na godoro lake. Nilikasirika sana, biashara yangu yote nilikuwa nimeipanga kwa kumtegemea matroni. Ndipo nilipoijua shule ya kutwa, na naapa ni shule nyingine kabisa. Basi linamchukua saa kumi na moja na nusu alfajiri, analala kwenye kiti hadi getini. Saa kumi na nusu jioni wa kutwa wanaondoka, mpira na klabu vinaanza wakiwa barabarani, prepu wakiwa nyumbani. Walimu wale wale, sare ile ile, lakini nusu ya shule hawaioni. Niliwaambia kwenye mkutano, wakahamishia klabu mbili saa tisa alasiri. Mbili tu, nazo si haba.

Lakini nikaona kitu kingine. Yule mtoto aliyekuwa akinijibu kwa simu "nzuri, nzuri" alianza kusimulia. Mama mkwe alimfundisha kukuna nazi, naye akawa anamsomea bibi yake hadithi za kitabu cha shule, akisahihishwa matamshi kwa kile Kiswahili cha Ngamiani.

Kwa hiyo, binti wa sekondari ambaye nyumbani hana mtu wa kumsimamia, mpelekeni bweni hapo bila wasiwasi, ila mpeni matroni namba mbili za simu. Mdogo wa msingi, kama kuna bibi nyumbani, mwacheni kutwa. Wangu alifika darasa la tano 2025, bweni ikaruhusiwa tena kwake, fomu ikaja. Nilimuuliza. Akasema anataka ndoo ya dada yake, lakini ya kuchotea maji ya bibi.