OM-1 kwenye masika na kusi la Lamu: mvua haina neno, chumvi ndiyo kesi

Kamera ninayoizungumzia ni OM-1 iliyotoka 2022, na lenzi yake ya 12-40mm f/2.8 PRO II. Ni ile yenye jina la Olympus usoni. Toleo la pili lililokuja 2024 limeandikwa OM SYSTEM. Ninaitumia Lamu kwa kazi: harusi, matembezi ya mashua ya wageni, na picha za mji zinazotakiwa na wenye nyumba za kupangisha. Niliinunua kwa ajili ya maji, basi. Kamera yangu ya kabla yake, ya kampuni nyingine nisiyoitaja, ililiwa na chumvi pale juu panapochomekwa flashi mpaka flashi ikagoma kuwaka.

Mvua haiiwezi, hilo niliseme mapema. Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko yote huku kwetu, nilisimama gatini wachukuzi wakishusha boriti kutoka kwenye jahazi. Ilikuwa mvua ya kumwaga. Wao hawakuacha kazi, nami nikaona haya kukimbilia barazani. Maji yalitiririka juu ya kamera, yakazunguka vitufe, yakachuruzika hadi kwenye kiwiko changu. Mzee mmoja aliyekaa kivulini akaniita, "We mwanangu, hiyo mashine yako itakufa!" Nikamjibu, "Imetiwa kalafati, baba." Akacheka, lakini hakuna maelezo mafupi zaidi ya hayo. Kila panapokutana vipande viwili vya bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, pametiwa raba: kwenye mlango wa betri, mlango wa kadi, chini ya vitufe, na mahali lenzi inapoingia. Nilipofika nyumbani niliifuta kwa kikoi kikuukuu, nikaiacha ikauke kabisa, ndipo nikafungua mlango wa betri. Ndani hamkuwa na tone.

Kilichonisumbua mvuani ni kioo cha nyuma. Tone likianguka, kioo cha kugusa hudhani ni kidole, na hivyo ndivyo vioo vya kugusa vilivyo, hata vya simu. Zima mguso kwenye menyu kabla hujatoka. Na kofia ya lenzi, ile kingo inayochomoza mbele yake, usiiache nyumbani. Tone moja mbele ya lenzi huharibu picha zaidi kuliko ndoo nzima juu ya bodi.

Sasa kuhusu ile IP53, kipimo cha kinga kinachotajwa kwenye matangazo. Tarakimu 5 ni ya vumbi, 3 ni ya maji. Hiyo 3 maana yake ni maji ya kunyunyizwa kutoka juu, yakija kwa mshazari usiozidi nyuzi 60 kutoka wima. Ukiwa Nairobi chini ya mwavuli hayo yanatosha na kubaki. Mvua ya kusi ya Lamu inakuja imelala. Tena toka na mashua hadi mlangoni, pale kati ya Shela na Ras Kitau bahari inapoingia mkondoni, uone. Chombo kikishaanza kukata mawimbi, maji yanakurukia kutoka chini na ubavuni, na kipimo hicho hakikuahidi kitu kuhusu maji ya namna hiyo. Nahodha wangu akisema "jamani, tunageuza", mimi naikunja kamera kwenye kikoi hadi tanga litulie upande wa pili. Kukaa upande wa goshini, unakotoka upepo, ukijitia shujaa kwa sababu umeambiwa kamera imezibwa ni kutafuta hasara.

Jambo jingine wanalolisahau wengi: bodi iliyozibwa yenye lenzi isiyozibwa ni mlango ulio wazi. Lenzi yangu ndogo ya 45mm f/1.8, ninayoipenda sana kwa sura za maharusi, haina kinga ya maji, kwa hiyo wingu likishuka inarudi mkobani. Na kubadilisha lenzi mvuani usithubutu, hata chini ya makuti.

Hiyo 12-40 nayo ina tabia zake. Ukivuta kutoka 12 kwenda 40, shingo yake hutoka nje. Ikiwa imelowa, matone hubaki kwenye shingo, na ukiirudisha ndani unayasukuma yakaijaribu raba. Siku ya rasharasha haina shida. Siku ya maji ya bahari naifuta shingo kwanza, pole pole, kisha ndio nairudisha. Mchanga wa Shela ni mbaya zaidi. Punje moja ikikaa kwenye raba ya mlango wa betri, mlango unafunga na unalia "ta" kama kawaida, lakini pale kwenye punje maji yana njia. Natembea na brashi ndogo ya rangi, ya watoto wa shule, na kabla ya kufunga mlango wowote napitisha brashi kwenye ukingo wake.

Chumvi ndiyo nimeisema kwenye kichwa. Maji ya mvua yakikauka yamekwisha. Maji ya bahari yakikauka yanaacha chembe, chembe zinavuta unyevu, unyevu unakula chuma. Ukizifuta kavu zinakwangua kioo. Kwa hiyo kila nikirudi kutoka baharini, hata kama sioni tone, naifuta kamera nzima kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu kikakamuliwa, kisha kwa kingine kikavu. Vyuma vya flashi, pete ya lenzi na matundu ya mkanda ndivyo navishughulikia sana. Maji ya visima vingine hapa mjini yana munyu kidogo, basi mimi hutumia ya mvua niliyokinga kwenye paa. Wenzangu wananicheka kuwa kamera inaoga kuliko mwenyewe. Haya.

Kuhusu theluji, ambayo mapicha ya matangazo hupenda kuionyesha: kiwanda kinasema inafanya kazi hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo anayekwenda kilele cha Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, hana haja ya kuogopa baridi ya kawaida ya huko. Theluji kavu unaipeperusha kwa brashi kabla haijayeyuka. Betri hupungua nguvu kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba hukaa mfukoni karibu na mwili. Na kabla ya kuingia kwenye kibanda chenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, ili umande ushike mfuko badala ya lenzi.

Sisi wa pwani tunayo shida hiyohiyo imegeuzwa kichwa chini. Chumba cha mgeni kina AC, nje kuna jasho la hewa. Ukitoka tu, lenzi inafunikwa na ukungu, na raba haisaidii kitu. Mfuko wa plastiki tena, na robo saa ya subira. Tena raba zinazozuia maji kuingia huzuia na unyevu kutoka, na nyumba zetu za mawe huhifadhi unyevu hasa msimu wa mvua. Kuvu ikishaota ndani ya lenzi ni kazi ya fundi. Yangu hulala kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachokaza, pamoja na vifuko vya silika, vile vya punje za kunyonya unyevu.

Ipo faida ya uzito: bodi na betri ni kama gramu 600, unaibeba kutwa ukiwapisha punda vichochoroni bila kuchoka. Sensa yake, kile kibapa cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, na sensa ndogo hukusanya mwanga mchache, kwa hiyo kama kazi yako ni usiku tu, harusi za ndani na taa za kibatari, tafuta kubwa zaidi na ununue mwavuli. Kwa mtu wa bahari, mimi ningeinunua tena.

Tangu toleo la pili litoke, la kwanza linapatikana mtumba. Ukionyeshwa moja, achana na idadi ya picha ilizopiga kwanza. Fungua kila mlango, pitisha ukucha kwenye raba uone kama imekatika au imekakamaa, kisha tazama vyuma vya betri kwa tochi. Ukiona rangi ya kijani hapo, mrudishie mwenyewe. Na uliza kama iliwahi kufunguliwa na fundi, kwa sababu kamera iliyofunguliwa na raba zake zisirudishwe sawasawa ni kamera ya kawaida tu yenye bei ya iliyozibwa.