Nimemwambia mteja siti za gari zina dhambi

Kazi yangu ni kuagizia watu magari kutoka Japani. Gari la mnadani huja na karatasi ya mkaguzi, na pembeni mwa ule mchoro wa gari mara nyingi kuna maneno machache ya mkono. Humo ndimo yamo yale ambayo picha hazionyeshi. Nikachoka kumsumbua jamaa anitafsirie kila siku, nikalipia programu ya simu ya kufundisha katakana, aina mojawapo ya herufi za Kijapani. Ilikuwa mwaka jana, nadhani kabla ya Ramadhani.

Herufi nyingine sina neno nazo. Balaa ni シ na ツ. Ya kwanza shi, ya pili tsu. Zote vijistari viwili na mkia! Nachagua, inalia tii!, nyekundu, "Si sahihi". Kwa nini si sahihi? Kimya, kadi nyingine hiyo. Halafu wanakuletea シャツ, shatsu, yaani shati, zimo zote mbili ndani ya neno moja. Kama si uchokozi ni nini?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu zote. Jibu likaja siku ya pili: "Herufi hizo hazifanani. Rudia somo." Basi. Hata salamu hakuna. Hazifanani kwako wewe uliyezaliwa nazo!

Sasa sikiliza kilichonipata. Karatasi ya gari la mama mmoja wa Mbagala iliandikwa シート, siti, hilo nalijua kwa sura. Neno la pili nikasoma tsumi. Kamusi ikasema: dhambi, kosa. Nikamwambia, "Mama, siti zina kakosa kadogo." Akaniuliza kosa gani, nikababaika, akakubali hivyo hivyo. Gari limetoka bandarini, siti ya nyuma ina doa la kahawia kubwa kama sinia. Kumbe neno lilikuwa シミ, shimi: madoa. Fundi wa kuosha siti nimemlipa mimi.

Nilikuwa naifuta hiyo programu, wallahi. Kwa hasira nikabonyeza sehemu ya kuandika kwa kidole, ambayo tangu mwanzo nilikuwa nairuka kwa sababu kioo changu kina ufa. Kumbe siri yote imo humo. Vijistari vya shi vimepangana juu na chini upande wa kushoto, na mkia unaanzia chini kupanda. Vya tsu vimekaa ubavu kwa ubavu juu, mkia unateremka. Siku hizi kwenye karatasi ya mkaguzi natazama wino umeishia kuwa mwembamba wapi: ukichongoka juu ni shi, ukichongoka chini ni tsu. Sijakosea tena. Yaani, karibu.

Kwa hiyo sehemu ile ni nzuri mno, sikatai, nilitaka kuwapa nyota nne. Lakini yule wa huduma angeshindwa nini kuandika "fungua sehemu ya kuandika"? Maneno manne tu! Nikikumbuka "hazifanani" damu inachemka upya. Tatu.

Jana wameniletea パソコン, pasokon, kompyuta. Ile ソ na ile ン, so na n, kijistari kimoja kimoja na mkia. Tii!

Mbili.