Uzoefu wangu: darubini ya blc 7x50 na stendi niliyotengenezewa Moshi

Niliikuta Usa River, kwenye mauzo ya vitu vya nyumba ya shamba la zamani la kahawa, imelazwa ndani ya kasha la mbao pamoja na mikasi ya kupogolea. Waliokuwa wakiuza walijua ni darubini ya macho mawili, basi. Mimi nilipoigeuza nikaona upande mmoja pamechorwa 7x50, yaani inakuza mara 7 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50, na upande wa pili herufi tatu ndogo, blc, moyo ukaanza kunienda mbio. Nililipa shilingi 450,000 bila kuomba nipunguziwe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya Ujerumani viliacha kuandika majina yao kwenye vifaa vya kijeshi, vikatumia herufi ili adui asijue kifaa kimetoka wapi. Herufi blc ni Carl Zeiss wa Jena. Beh ni Leitz wa Wetzlar. Yangu imevikwa mpira mweusi mwilini, umbo ambalo wakusanyaji hulihusisha na walinzi wa zamu juu ya mnara wa nyambizi. Ila niseme wazi: herufi peke yake haithibitishi nyambizi, kwa kuwa 7x50 zilipelekwa pia kwenye meli za kawaida. Anayekutaka bei ya nyambizi akuonyeshe zaidi ya mpira na muhuri wa tai wa jeshi la Ujerumani, maana mihuri ya kughushi ipo.

Ninavipenda vitu hivi kwa sababu ya babu. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapanda meli Mombasa kwenda Ceylon (sasa Sri Lanka) na baadaye Burma. Alitusimulia kwamba usiku hakuna aliyeruhusiwa hata kuwasha kiberiti juu ya sitaha, na kwamba hofu yao haikuwa mawimbi bali kile kilichokuwa chini yake. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwa njia hiyohiyo, ilipigwa topido na nyambizi ya Japani I-27 karibu na Maldives. Ilizama kwa dakika chache na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa meli nyingine. Nikiishika darubini hii naushika upande wa pili wa masimulizi yake, upande wa yule aliyekuwa akitazama.

Sasa kifaa chenyewe. Gawanya 50 kwa 7: mwanga unaotoka kwenye kioo cha jichoni una upana wa milimita 7 hivi, sawa na mboni ya kijana ikifunguka gizani. Ndiyo maana mabaharia waliipenda 7x50 kuliko darubini zinazokuza zaidi. Halafu kuna utando. Kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au kutoka, na ndani ya darubini yenye prizimu nyuso hizo hufika kumi na zaidi kila upande, kwa hiyo karibu theluthi ya mwanga hupotea njiani. Alexander Smakula wa Zeiss alibuni utando wa kuzuia hasara hiyo mwaka 1935. Nikiinamisha yangu chini ya taa naona rangi ya zambarau-bluu ikiteleza kwenye lenzi. Jioni, wakati macho matupu yameshaupoteza msitu wa Kilimanjaro, mimi bado naiona mipaka ya miti.

Utando huo wa zamani ni laini, na hapo ndipo nilipoumizwa. Lenzi zilikuwa na kuvu, nikampelekea fundi kamera mmoja mjini Arusha aliyesifiwa sana. Alizifuta kwa spiriti na kitambaa kikavu, akafungua pete za lenzi za mbele bila kuweka alama mahali zilipokaa. Pete zile zimetengenezwa kwa makusudi zisiwe na kitovu kimoja. Ukizizungusha ndipo unapolinganisha pipa la kushoto na la kulia. Nilirudishiwa darubini inayoonyesha kilele kimoja cha Mawenzi kama viwili, na kichwa kikiniuma ndani ya dakika mbili. Mikwaruzo haitatoka tena. Kulinganisha nilikuja kufanya mwenyewe, jioni nne mfululizo, nikilenga ncha ya mnara wa simu. Kwa huduma ile sina nyota ya kutoa.

Stendi ndiyo iliyonirudishia furaha. Kwenye nyambizi za Kijerumani kulikuwa na nguzo ya kulengea iliyoitwa UZO. Nyambizi ikiibuka usiku kushambulia, darubini nzito isiyoingia maji ilipandishwa juu na kufungwa kwenye kichwa cha nguzo kinachozunguka. Afisa wa zamu wa kwanza aliilenga meli, na uelekeo ule ukapelekwa chini kwenye mashine iliyopiga hesabu ya topido. Nilichora nguzo ya namna hiyo kwenye daftari, nikaipeleka karakana moja ya kuchomelea huku Moshi.

"Mwalimu, hii ni geti la nini?" fundi aliniuliza.

Nilimpa atazame kwanza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza mikono ya mtu inatetemeka kiasi gani. Swali hilo lilinitosha kujua nimefika kwa mtu sahihi.

Alitumia bomba la inchi tatu, kitako cha sahani ya chuma kilichojazwa zege, na kichwani akaweka beringi za usukani wa pikipiki. Kwa kupandisha na kushusha alikata vipande vya klachi kuukuu, akavibana kwa boliti, hivyo darubini hubaki pale unapoiacha. Juu ya beringi kuna duara lenye nyuzi 360; mistari yake niligonga mwenyewe kwa patasi. Darubini hizi hazina tundu la skrubu kwenye bawaba ya katikati kama za kisasa, na tafadhali usilitoboe, utakuwa umeua kitu kisichotengenezwa tena. Yangu inalala kwenye kitanda cha mninga kilichotandikwa ngozi, imefungwa mkanda wa ngozi. Gharama yote, na usafiri wa kuileta nyumbani, shilingi 185,000.

Kasoro: ina uzito wa kutisha, haihamishiki bila watu wawili, na wiki za kwanza ilikwama kila nilipoizungusha kuvuka upande wa magharibi. Fundi alikuja nyumbani mara mbili kurekebisha, na hakunidai hata nauli.

Mara ya pili alikuja alfajiri akiwa na binti yake, kwa kuwa nilimwambia Julai Kilimia huchomoza kabla ya jua, kulia kwa Mawenzi. Kwa macho tunahesabu nyota sita. Binti alipanda juu ya kreti ya soda, akashika kitanda cha mninga kwa mikono miwili, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipopita thelathini baba yake alimsogeza taratibu, akaweka jicho yeye.

Beringi hazijalia tangu siku hiyo.