TAHADHARI kwa mnaonunua simu Kariakoo: "mpya ya boksi" yangu imenikula laki sita na ishirini

Jamani habari zenu. Naandika hii hasira haijaisha kwaiyo mnivumilie nikirukaruka. Wiki mbili zilizopita nilibadilisha simu, nimetoka kwenye Tecno yangu ya miaka minne ambayo kioo kimepasuka kona, nikaingia kwenye Samsung Galaxy S21 "mpya ya boksi" kutoka Kariakoo, na kama sa hivi kuna mtu ameshika hela yake anataka kwenda kufanya nilichofanya mimi, nakuomba soma hii kwanza alafu ndo upande gari.

Mi naoka keki, nafanyia nyumbani huku Segerea. Wateja wangu karibu wote wananiona status na Insta, kwaiyo picha ndo duka langu. Ile Tecno ilishafika hatua krimu nyeupe inatoka ya njano, mteja anaangalia picha anauliza "dada mbona kama imechacha", kumbe kamera. Nikajibana toka mwezi wa pili, kibubu kikafika laki sita na nusu, nikasema basi sasa na mimi nipige picha za kueleweka.

Nikakuta ukurasa Insta una wafuasi kibao, kila siku video ya kijana anachana nailoni ya boksi, "S21 mpya kabisa, sili haijaguswa, 650 maongezi yapo". Nikapiga. Sauti ya upole, dada'angu hii dada'angu ile, njoo mtaa wa Aggrey hapo Kariakoo ukifika nipigie nakuja kukupokea. Hapo ndo nilitakiwa kushtuka mara ya kwanza. Mwenye duka anakuelekeza dukani, anakutajia jengo, ghorofa, namba ya fremu (chumba cha duka). Anayekuja kukupokea barabarani ni winga. Wenyeji wa Kariakoo mnajua, lakini wa mikoani na sie tunaoenda mara moja kwa mwaka hatujui: winga hana duka, anazunguka na wewe, anachukua mzigo kwenye fremu ya mtu kwa bei ya duka, anakuuzia na cha juu chake. Siyo kwamba mawinga wote matapeli, wapo waliowahi kunihangaikia gauni mpaka nikapata. Ila kwenye simu, ukiharibikiwa, yule uliyempa hela hana mlango wa kugonga.

Akanipeleka kwenye fremu moja ndogo, kaunta ya kioo na kijana mmoja amekaa nyuma yake hata salamu hajaitikia vizuri. Boksi likatolewa, linang'aa nailoni. Akanipa mimi. "Kata mwenyewe bosi wangu, uwe shahidi." Nikakata kwa ukucha. Ndani simu ina karatasi yake ya juu, waya, kichwa cha chaja na earphone. Nikafurahi kweli, nikajiona nimepata na nyongeza.

Sasa sikilizeni. Kile kichwa cha chaja ndo kilikuwa ushahidi wenyewe na mimi nakichekea! S21 ilipotoka Januari 2021 Samsung walishaanza kuondoa kichwa kwenye boksi, simu ilikuja na waya tu, watu walilalamika sana kipindi kile. Kwaiyo boksi lenye kichwa na earphone limejazwa hapahapa mjini na mtu anayejua sie tunapenda vitu vingi kwenye boksi. Na ile nailoni, fundi kaniambia ni rola inauzwa, unavalisha boksi unapuliza kwa mashine ya joto inajikaza. Na hata bila ya hayo yote, we jiulize, simu ya 2021 imekaa na sili yake miaka yote hii inanisubiri mimi mama keki wa Segerea?

Lakini ukweli usemwe, ilivyowaka niliishiwa maneno. Kioo rangi zimekolea, ukisogeza juu inateleza kama ina mafuta (ndo ile wanaita hezi 120, nilikuwa nadhani ni maneno ya wauzaji, kumbe ukitoka kwenye simu ya kawaida unaiona kabisa). Ndogo, inchi 6.2, inakaa kiganjani, ile Tecno ilikuwa kama nimebeba sinia. Spika zinatoa sauti juu na chini. Hasara nilizoziona palepale ni hamna tundu la earphone na hamna pa kuweka memori kadi, nikasema nitazoea. Na hilo ndo tatizo la simu mpya mkononi, macho yanatazama kilicho kizuri tu, na winga anajua, ndo mana anakuachia uchezee huku anakuongelesha usipate nafasi ya kuwaza.

Maana mambo mawili yalinigomea palepale kaunta. La kwanza kidole. Nikaweka kidole kwenye kioo isajili, inagoma, nikafuta kidole kwenye gauni, inagoma. "Hiyo ni apdeti dada'angu, ukifika nyumbani unganisha na waifai itakaa sawa." La pili, nikapiga picha ya kujaribu, simu ikalia KACHAA, na nimeitoa sauti. "Ndo ubora wa kamera huo." Jamani na mimi nikakubali! Mtu mzima, nina watoto wawili.

Tukapatana 620. Nikataka kulipa kwa lipa namba ya dukani (ile namba ya duka ya kulipia kwa simu), winga akasema tukwepe makato nimtumie kwenye namba yake mwenyewe, nikatuma. Risiti nikapewa ile ya kuandikwa kwa mkono, chini imegongwa muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Nikapanda gari narudi nyumbani nimeikumbatia pochi.

Siku tatu za kwanza nilikuwa kwenye fungate. Nikahamisha picha zote kwa Smart Switch, namba, meseji, nikarudisha WhatsApp, nikapiga picha keki moja nyekundu ya ghorofa mbili ile rangi ikatoka kama ilivyo, oda tatu siku hiyohiyo. Kidole kikaendelea kugoma nikasema nitatumia patani tu.

Siku ya nne nikaanza kuhesabu betri. Natoka saa 12 asubuhi asilimia mia, saa 5 iko 38, na sijafanya chochote zaidi ya WhatsApp. Betri yake ni 4000 siyo kubwa sana najua, lakini siyo hivyo. Alafu inachemka nyuma pale karibu na kamera mpaka nikawa naiweka juu ya meza ya marumaru.

Jumamosi nikapeleka keki kwenye sendofu Tabata. MC kasema tusimame tuombe, ukumbi kimya, mi nimejiiba pembeni nipige keki yangu kabla haijakatwa, KACHAA. Wamama wa meza ya mbele wote wakageuka. Nikajifanya nafumba macho.

Na jioni hiyohiyo nafungua nione picha, mstari wa kijani, mwembamba kama uzi, kutoka juu kwenye kamera mpaka chini kabisa. Nikadhani ni uchafu nikaufuta. Nikafuta tena na khanga. Ukabaki.

Jumatatu nikampelekea fundi wa mtaani kwetu, kijana mtaratibu sana. Hata hajaifungua, akaingia kwenye mipangilio akanionyesha namba ya modeli, SM-G991N. "Da', hii N ni ya Korea Kusini. Zile za soko la kimataifa zinaishia na B." Na ule mlio wa kamera ndo wa hukohuko, simu za kule zinatengenezwa zilie watu wasipigwe picha kwa siri, kwaiyo hakikuwa kitu kimeharibika, ilikuwa ni cheti cha kuzaliwa cha simu kinanipigia kelele. Akapasha moto mgongo akaufungua. Gundi ya kiwandani ya kuzuia maji hamna, kumewekwa gundi nyingine imeviringana kama makamasi. Skrubu mbili hazipo. Kikaratasi kidogo cheupe ambacho kipo kuonyesha kama maji yameingia, chekundu. Kioo kimebadilishwa, na akanieleza kwamba hii simu inasoma kidole kupitia kwenye kioo chenyewe, wakikuwekea kioo kopi kidole ndo basi, hata uiapdeti mpaka Krismasi. Fremu ya nje ya simu tu ndo mpya, ndo mana ilikuwa inang'aa. Kwa kifupi ni refabu, yaani simu iliyotumika ikakarabatiwa, tena iliyowahi kuoga maji.

Nikauliza sasa mbona nilihakiki? Maana mi siyo mjinga kihivyo, nikiwa ndani ya daladala nilibonyeza *#06#, nikachukua ile namba ya IMEI (namba ya utambulisho wa simu) nikaituma 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama tulivyofundishwa toka kipindi kile cha 2016 walipozima simu feki, na jibu likaja ni Samsung. Fundi akacheka. Ile huduma inakuambia namba hiyo ni ya simu gani, ukiambiwa ni simu nyingine kabisa tofauti na uliyoshika basi kimbia, lakini haikuambii kama imetumika, kama imeoga, kama kioo ni chake. Simu yangu siyo feki. Ni Samsung kweli, ila ya mtu. Hapo wengi tunachanganya na wanatupigia hapohapo. Nikaenda kutoa boksi kabatini, IMEI iliyobandikwa kwenye boksi na ya kwenye simu zimefanana mwanzo, tarakimu sita za mwisho hazifanani hata kwa dawa. Kitu cha dakika moja ambacho ningefanya nikiwa pale kaunta.

Nikarudi Kariakoo. Winga hapatikani, Insta kaniblok, ila ukurasa upo hewani mpaka leo, nimeuona kwa simu ya mdogo wangu. Nikaenda kwenye fremu, nikamkuta mzee siyo yule kijana, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kwa utaratibu. Akasikiliza yote. "Mwanangu, mimi nimemuuzia winga kama refabu, na bei ya refabu. Yeye alichokuambia wewe sikijui." Nikamuuliza alimuuzia sh ngapi, hakujibu, akaniambia anaweza kunibadilishia nyingine nikiongeza laki na nusu. Nikaondoka. Na cha kuuma zaidi hata sina cha kumbana nacho, hela niliituma kwenye namba binafsi ya winga, risiti ya mkono haina TIN (namba ya mlipa kodi) wala jina la mtu, hakuna EFD (risiti ya mashine ya kodi) hakuna nini.

Naomba nieleweke, sisemi refabu mbaya. Shoga yangu ana refabu mwaka wa pili inadunda, lakini aliambiwa ni refabu, akalipa ya refabu, akapewa miezi mitatu ya kurudisha kwenye duka analolijua. Mimi nimelipa upya nikapewa uzee.

Kwaiyo ukienda, kwanza fikia dukani mwenyewe, usipokelewe. Nenda asubuhi siyo jioni watu wanafunga. Hela usiitaje wala kuitoa mpaka umemaliza haya: bonyeza *#06# linganisha na boksi mpaka tarakimu ya mwisho, angalia na herufi ya mwisho ya modeli. Kama ni Samsung bonyeza *#0*# zitatokea rangi kioo kizima, nyekundu, kijani, bluu, na hapo madoa na mistari inajionyesha, pia kuna sehemu ya kupaka kidole kioo kizima uone kama kuna sehemu iliyokufa. Sajili kidole, kikigoma usiambiwe habari ya apdeti. Weka laini yako mwenyewe piga mtu ongea naye, siyo kusikia mlio tu. Piga picha kamera zote, washa video dakika tano uone joto. Ingiza akaunti yako ya Google ukiwa palepale, maana kuna nyingine zina akaunti ya mtu ukija kuifuta inakudai nywila usiyoijua. Wakianza kuguna "dada unachelewesha wateja" we ondoka, fremu zipo mia.

Na lipia lipa namba ya duka, jina litokee ni la duka hilohilo, na risiti ya EFD iandike modeli na IMEI.

Wa mtaani nao wana yao. Kaka yangu alinunua kwa kijana hapo Buguruni, simu nzuri bei chee, kumbe ya mkopo na deni halijaisha, siku aliyoifomati ikajifunga inadai malipo ya mtu mwingine. Hiyo nitaandika siku nyingine, ni ndefu na yeye hataki niiseme.

Aliyekutana na winga mwenye staili ya "kata mwenyewe uwe shahidi" aniandikie inboksi, tuone kama ni mmoja, maana nikipata wenzangu wawili watatu naenda kufungua kesi siendi peke yangu. Sa hivi nimerudisha laini kwenye Tecno. Ile nyingine mstari umekuwa miwili, wa pili una rangi ya pinki, mwanangu mdogo anaangalizia katuni. Kesho nina keki ya kipaimara nyeupe tupu, nimeshaongea na jirani aniazime simu yake nusu saa.