Warsha ya historia ya ukoloni kwa watoto, Kisumu: kipande safi, maswali ya tableti yatupwe

Wazazi wenzangu kwenye kundi la WhatsApp la gredi ya sita wamekuwa wakiniuliza kama ile warsha ya likizo ya historia, inayofanyika kwenye ukumbi wa kukodi kule Milimani, inafaa pesa yake. Nawajibu wote hapa. Inafaa, lakini nina malalamiko, na mengine si madogo.

Ada ni shilingi 3,500 kwa mtoto, chakula cha mchana kikiwemo. Wanachukua watoto wa miaka tisa hadi kumi na mitatu. Mzazi akitaka kukaa nyuma atazame, hakatazwi. Mimi nilikaa, kwa sababu stima ilikuwa imepotea Kibuye na karakana ilikuwa imelala.

Nianze na kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuvaa shingoni wakati wa ukoloni, kwa vile hapo wako kwenye uwanja wangu. Mimi hutengeneza masanduku ya shule na majiko, bati nalijua. Kila mtoto alipewa kipande cha bati kilichokatwa tayari na kingo zake zikakunjwa ndani. Nilipitisha kidole gumba pande zote nikitafuta mahali pa kumkata mtoto, sikupata. Ribiti za kifuniko tu ndizo zilikuwa legelege. Watoto walilikunja bati likawa kikasha cha kutosha kiganjani, wakalitoboa, wakapitisha kamba ya kuvaa shingoni. Ndani wakatia karatasi: jina, jina la baba, kabila, kijiji, jina la mwajiri, mshahara, na alama za vidole walizopiga kwa wino wa mhuri. Wino huo, niwaonye mapema, hautoki kwa sabuni ya kawaida.

Mwalimu aliwaeleza kwa ufupi kwamba sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ikamhusu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro, na polisi wanaweza kukusaka. Kisha akawaambia wavae mpaka jioni. Kijana mmoja aliacha chake mezani akaenda msalani, akazuiwa mlangoni. Akarudi akicheka. Baadaye akazuiwa tena njaa ikiwa imemshika na harufu ya chakula inamfikia, na safari hiyo hakucheka. Binti yangu ndiye aliyeinua mkono kuuliza kwa nini wasichana wavae na sheria ilikuwa ya wanaume. Mwalimu akamwambia ana haki ya kuvua. Hakuvua.

Mchezo wa kodi ya kibanda, ile iliyotozwa kwa kila nyumba, nao umefikiriwa vizuri. Kila familia ina nyumba ya katoni, ng'ombe wa udongo na mahindi ya kweli kwenye sahani. Unaweza kuwa tajiri wa mahindi, lakini DC, mkuu wa wilaya wa Kizungu, anataka pesa, na pesa iko shambani kwa mlowezi. Basi mtoto anaacha nyumba yake anakwenda kuzunguka meza ya mbali akihesabu magunia ya karatasi ili apate sarafu. Walipofika 1921, mwalimu akatangaza kwamba walowezi wamekata mishahara kwa thuluthi moja, huku kodi ikiwa imepandishwa hadi shilingi 16. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Hakuna kitabu kilichowahi kumpandisha binti yangu hasira namna ile.

Sasa lalamiko langu la kwanza. DC alikuwa na kofia ngumu nyeupe, ya karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga, na kila mtoto aliitaka. Walipigania kofia ile kama wanaogombania kiti cha mbele cha matatu. Aliyeipata akaanza kutoza faini kwa raha zake, huyu kwa kutosimama wima, yule kwa kumwangalia usoni, na wenzake wakamshangilia. Binti yangu alipewa uchifu, na jioni nyumbani akamdai kaka yake kipande kabla ya kumwachia rimoti. Tulicheka, lakini mchezo ambao jukumu tamu kuliko yote ni la mwonevu unahitaji zamu. Kila mtoto avae kofia dakika chache, kisha arudi meza ya mbali kuhesabu magunia. Nilimwambia mwalimu, akasema muda hautoshi.

Na muda hautoshi kweli, kwa sababu ulimalizwa na tableti. Wasinielewe vibaya wenye mradi, sehemu moja ya tableti ni nzuri sana. Watoto walitembezwa kutoka stesheni ya reli hadi upande wa bandari wakiwa na ramani ya zamani iliyolazwa juu ya ramani ya leo. Unasogeza kidole, mji unapungua mpaka inabaki reli, gati na vibanda. Hapo ndipo wengi walijua kwamba reli ilifika hapa Desemba 1901, mahali pakiitwa Port Florence, na kwamba wakati huo Kisumu ilikuwa upande wa Uganda, ambayo mpaka wake ulifika hadi karibu na Naivasha. Mstari ulisogezwa 1902. Pia waliambiwa juu ya Wahindi wapatao 32,000 walioletwa kujenga, na karibu 2,500 waliokufa kazini. Jua la saa sita lilifanya skrini isionekane, ikabidi watoto wajifunike masweta kichwani ili wasome, lakini walisoma.

Waliporudi ukumbini wakafunguliwa programu ya maswali, bonyeza jibu upate nyota. Swali moja: nani aligundua Ziwa Victoria? Jibu "sahihi" lilikuwa Speke, msafiri Mwingereza, 1858. Binti yangu akanigeukia: "Baba, kwani watu wa Dunga walikuwa hawalioni?" Nilimwambia aulize mbele. Mwalimu alikiri swali ni baya, kwamba programu ilinunuliwa ikiwa tayari na hawawezi kuibadilisha. Basi iachwe. Nusu saa ile ingetosha kabisa kwa zamu za kofia.

Ingetosha pia kwa Piny Owacho, vuguvugu la Waluo la kupinga dhuluma za wakoloni, ambayo ilipewa robo saa wakati sufuria zinagongana jikoni. Watoto walikaa duara kama mkutano wa Lundha, Gem, wa Desemba 1921, wakaandika madai yao kwa gavana: kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe. Wakatia vidole gumba kwa wino uleule wa kipande. Walipata kusikia tu kwamba Gavana Northey alikuja Nyahera 1922 na kodi ikashuka hadi shilingi 12, kisha wakaitwa kula.

Mke wangu ni Mnandi wa Kapsabet, na alipomwuliza mtoto Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alitajwa wapi, jibu likawa hakutajwa. Watoto walifundishwa reli iliyofika Kisumu kana kwamba njia ilikuwa wazi. Wanandi walipigana kuanzia 1895, waling'oa nyaya za simu na vyuma vya reli, na vita havikwisha mpaka afisa Mwingereza Meinertzhagen alipomuua Koitalel tarehe 19 Oktoba 1905 kwenye kikao kilichoitwa cha amani. Kwa mji ulio chini ya vilima vya Nandi, hilo ni pengo. Mama yao alilijaza mwenyewe usiku huo, bila tableti.

Kundi lingine ni likizo ya Agosti, na mdogo wa binti yangu nitamwandikisha. Mpeni mtoto kofia ya jua na nguo isiyo ya maana, kwa ajili ya wino. Kama hali samaki semeni mapema, maana siku yetu palikuwa na ugali na omena tu, na watoto wawili walishinda na sukuma.